Kifuniko cha Chumba cha Nyuma

Nilipoisimulia habari hii mara ya kwanza nilisema fundi alisahau kuunganisha bomba. Hapo nilikosea, na niliowaambia wanisamehe. Fundi hakusahau.

Alikuwa anapitisha mabomba ya hewa ndani ya kuta za nyumba ya watu: jikoni, sebuleni, vyumba vyote vya kulala. Ukuta ulichimbwa, bomba likalazwa, plasta ikarudi, na mwisho wa kila bomba kikafungwa kifuniko cheupe chenye matundu. Kikabaki chumba cha dada wa kazi, nyuma ya stoo. Dirisha lake lilizibwa stoo ilipojengwa.

"Hapo funga kifuniko tu," akasema mama mwenye nyumba. "Mradi kionekane. Tuchimbe tena, vumbi lote hili? Hapana jamani."

Fundi akakifunga kwenye ukuta mzima, usio na tundu, kikakaa sawasawa kama vingine. Dada akaingia na nguo za kupasi, akakitazama.

"Kaka, kumbe na mimi nimewekewa! Hewa inaanza lini?"

"Kesho," akasema fundi, ambaye utani ulikuwa haumkauki mdomoni. "Leo vuta kidogo kidogo, usitumalizie."

Dada akacheka, akamshukuru, akamletea maji ya kunywa. Fundi akayanywa yote.

Kesho yake hewa ikaanza. Dada alipofunga mlango apumzike, kifuniko kilipuliza upepo wa kadiri, wenye harufu ya tangawizi. Saa hiyohiyo fundi, aliyekuwa kwake akinywa chai ya tangawizi, aliishiwa pumzi katikati ya maneno.

"Baba watoto, malizia basi," akasema mkewe. "Si umeanza mwenyewe?"

Hakuweza. Ikawa hivyo kila dada alipopumzika. Daktari akampima kifua, akasema mapafu ni mazima.

"Hewa unavuta vizuri, ila haikai kwako. Umeiunganisha wapi?"

Fundi akafunga vifungo vya shati, akalipa.

Haikupita muda, mama mwenye nyumba akamwita. Hewa ya sebuleni ilikuwa ya hivihivi tu, na ile nzuri yote ilikuwa inaishia nyuma ya stoo. "Ilete huku mbele," akasema. "Tunapokea watu."

Fundi akafungua skrubu. Nyuma ya kifuniko palikuwa na plasta kavu, haina hata ufa, na upepo ukiendelea kutoka. Dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Kumbe hakuna tundu," akasema.

"Dada..."

"Nimekuwa nikikusikia humu. Unavyokohoa, unavyomtania wifi. Siku ile ya kwanza ulimwambia kazi imekwenda vizuri, kila mtu ameridhika." Hakupandisha sauti. "Nikajua na mimi nimo."

Fundi alitafuta utani, hata wa kuokoteza, hakuupata. Masikio yalimwaka moto. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, niache nitoboe. Bomba nitaleta langu, na vumbi nitafagia mwenyewe."

"Vumbi halifagiki, fundi. Linaingia kwenye makochi. Hamisha kifuniko."

Akakihamisha. Alikifunga juu ya kochi kubwa, na aibu yote ile haikumzuia kupima kisiende upande. Hewa ikafuata bila matata. Nyuma ya stoo vikabaki vitundu vya skrubu. Dada akaomba awe anaacha mlango wazi akilala. Akaambiwa wageni watamwona.

Jumapili wageni walijaa. Fundi, nyumbani kwake, akasimama kando ya ukuta, akavuta pumzi yote aliyoweza, akaitoa na maneno yake kabla haijapotea bure.

"Mtoboleeni dada ukuta," kikasema kifuniko kwa sauti ya fundi, juu ya kochi.

Mgeni mmoja akaisifu hewa, akaegemea nyuma. Mama mwenye nyumba akaongeza sauti ya televisheni. Dada akapita na sinia la vikombe, jasho likimtiririka shingoni, bila kuinua macho.

"Jamani," kikasema kifuniko. "Mtoboleeni dada ukuta. Tafadhali."