Sauti Iliyosikika Kwenye Usukani

Kama uko na binti anayefanya kazi chini ya mkubwa mkali, na kila asubuhi unamwambia avumilie, kaa kidogo usikie yaliyompata Maman Bibiane wa Kasha, kule Bagira.

Bibiane alikuwa mpishi wa shule, mjane, mwanamke wa wasiwasi. Mvua ikinyesha aliogopa kilima kitaporomoka, mvua ikikawia aliogopa mihogo itakauka. Lakini hofu iliyomkosesha usingizi ilikuwa moja: kwamba Lydie, binti yake, atafukuzwa kazi.

Lydie alikuwa anashika usukani wa Nyenyezi, meli ya matembezi iliyokuwa inatoka Bukavu kila Jumapili asubuhi na watu wa harusi, watu wa maofisi, wageni wa kanisa. Iliwazungusha ziwani mpaka upande wa Idjwi, wakala, wakapiga picha, ikawarudisha kabla ya jioni. Kazi hiyo Lydie aliisomea Kalemie miaka miwili. Pale Bagira hakuna aliyewahi kuona binti anaendesha meli, na Bibiane alikuwa hapiti sokoni bila kuulizwa habari zake.

Komanda wa meli aliitwa Stanislas. Hakuwa mtu wa kupiga kelele hata kidogo. Alisema polepole, chini chini, kama mtu anayeungama kwa padri, na watu wake wote walizoea kumkazia masikio. Siku moja Lydie alimwuliza mbele ya wenzake kama kweli wanataka kupita karibu vile na mawe ya ukingoni. Komanda alibadilisha njia, wakapita mbali na mawe, na kesho yake akamtuma Lydie kusafisha vyoo vya abiria, wiki mbili nzima. Tangu hapo jina lake likawa Professeur.

"Professeur, kuko maji chini."

"Professeur, tufundishe, hii choo inashukia wapi?"

Lydie alirudi nyumbani analia. Bibiane alimpa chai, akamfuta uso kwa kitambaa, akamwambia, "Mutoto yangu, funga mudomo. Mukubwa akisema, unaitika."

"Maman, sisi kazi yetu iko kusema vile tunaona."

"Kazi yako iko kulinda kazi. Unajua bangapi banaitafuta?"

Akamwambia hivyo kesho yake, na keshokutwa, na kila siku anapofunga viatu vya kwenda bandarini, hadi mtoto akaacha kulia na akaacha kuuliza. Bibiane akamshukuru Mungu kwamba amekomaa.

Mwezi wa saba komanda akasema, "Professeur, leta maman yako Jumapili. Aone mukate yake inatokea wapi." Bibiane alivaa liputa, kile kitenge chake cha Pasaka. Alipanda ngazi za chuma akishika ukuta kwa mikono miwili, akafika juu kabisa, kwenye chumba cha usukani.

Alifikiri atakuta gurudumu kubwa kama la lori. Akakuta kausukani kadogo, unaweza kusema ni ka kuchezea watoto, na nyuma yake Lydie amesimama wima na shati jeupe, macho mbele. Vioo vilizunguka pande tatu. Dira ilikuwa ndani ya kisanduku chake, inatikisika kidogo. Pembeni kulikuwa na skrini mbili, moja ya ramani, nyingine ya radar, yenye mstari wa kijani unaozunguka bila kuchoka. Wageni watano sita wa ofisi moja ya mjini walikuwa wamepanda pia kuangalia, na mmoja wao, dada anayeitwa Déborah, alikuwa na simu mkononi.

Komanda alimpokea Bibiane kwa heshima, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Maman, meli haina frein ya kusimama kama gari," akamwambia. "Unaona hizi manettes mbili, hii mikono ya chuma? Kila moja iko na moteur yake. Nikizirudisha nyuma sasa hivi, bado tutateleza metre mia mbili mbele. Kwa hiyo mutu wa meli anaamua mapema. Anaona kitu ingali mbali."

"Na mutoto yangu, yeye anaamua nini?"

"Yeye? Yeye haamue. Yeye iko mukono." Wageni wakacheka. "Mimi ninaona, ninasema. Yeye anarudilia kwa nguvu, nijue amesikia. Anageuza, anasema tena kama amemaliza. Sikiliza." Akashusha sauti, "Droite cinq," kulia digrii tano.

"Droite cinq," Lydie akarudilia, kwa sauti safi iliyojaza chumba, akageuza usukani. "La barre iko droite cinq."

Meli ikageuka kulia taratibu kama ng'ombe aliyeguswa na fimbo. Bibiane alisikia joto kifuani. Chombo kikubwa hivi, na sauti ya mtoto wake ndiyo watu wanaisikia.

Hapo akapanda Cyprien, msaidizi wa komanda, anahema. "Komanda, bale bantu ba meza ya heshima banalalamika. Jua linabapiga kwa macho. Na gâteau yabo ya kukata inaanza kuyeyuka."

Komanda aliangalia radar mara moja. Akaangalia ramani. "Tutaenda kidogo kushoto, jua libaki nyuma."

"Komanda," akasema Lydie, "kuko mitumbwi kushoto. Mitatu, imefungwa pamoja. Bavuvi banarudi."

Wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, wanafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wavu unakaa katikati. Asubuhi wanarudi wamechoka, wanapiga kasia polepole, na kitu kama kile hakikwepi haraka. Kila mtu wa Bukavu anakijua.

Komanda hakuinua macho. "Skrini haina kitu, Professeur."

"Mbao haionekane muzuri kwa radar, komanda. Balitufundisha vile Kalemie."

Wageni wakaangaliana. Déborah akaona kitu kinaanza kuchekesha, akainua simu yake.

Na Bibiane aliiona ile mitumbwi. Hii ndiyo sehemu ngumu kusema, lakini lazima isemwe. Alikuwa ameketi juu, kwenye kiti cha komanda, macho yake mazima. Aliona mistari mitatu myeusi juu ya maji, mbele upande wa kushoto, na mtu amesimama kwenye ule wa katikati anachota maji kwa kopo. Aliona vizuri kabisa. Lakini aliona pia vyoo vile, na wiki mbili zile, na barua ya kufukuzwa iliyokuwa bado haijaandikwa. Akajiambia kwamba mpishi hawezi kuona kitu ambacho komanda hakioni.

"Lydie," akasema, "unanipatisha haya mbele ya bantu. Komanda iko na macho. Fanya vile unaambiwa."

Wageni wakaangua kicheko. Mwanaume mmoja akasema, "Kumbe maman njo komanda wa kweli." Bibiane naye akacheka, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka.

"Gauche dix," akasema Stanislas, chini chini.

"Gauche dix," Lydie akarudilia, kwa sauti ileile safi. Mikono ikageuka. "La barre iko gauche dix."

Pua ya meli ikaanza kutembea kuelekea kushoto, ikatembea, ikatembea. Lydie alisema "Komanda" mara moja zaidi. Stanislas akainua macho, akaiona mitumbwi. Alivuta manettes zote mbili nyuma kwa nguvu, moteurs zikalia, sakafu ikatetemeka. Meli ikaendelea kuteleza. Hapakuwa na kishindo. Ilisikika kama mtu amekanyaga kikapu.

Wavuvi walikuwa watatu. Mugisho na ndugu yake mdogo Akonkwa walitolewa majini wamekufa, sambaza zikielea kuwazunguka, nyeupe nyeupe. Wa tatu, Venant, alipona, akiwa amevunjika bega. Alisema maneno machache tu: kwamba alimwona binti nyuma ya kioo, na binti alikuwa anamwangalia.

Komanda Stanislas alikaa kwenye kiti chake, akafungua kitabu cha safari, akaandika mistari michache. Walipofika bandarini polisi walimchukua Lydie peke yake. Alikuwa bado na shati jeupe.

Saa kumi na mbili za jioni, komanda akabisha hodi Kasha. Alileta kilo mbili za sukari na sabuni. Akaketi, akakataa chai, akazungumza vile anavyozungumza siku zote.

"Maman, sikukuja kubishana. Kuko karatasi moja. Inasema Lydie aligeuza bila amri, kwa kukosa uangalifu. Kosa ya kazi. Akisaini, siku kumi na tano iko nyumbani, mimi mwenyewe nitamurudisha kazini. Akikataa, banageuza dossier ya kesi, inakuwa kuua bantu. Wewe njo mama. Mimi atanichukia, lakini wewe atakusikia."

"Lakini wewe njo ulisema gauche, komanda."

"Nani alinisikia, maman?"

Bibiane alipika usiku ule, na asubuhi akaenda polisi na sahani iliyofungwa kwa kitambaa. Lydie alikuwa hajalala. Alisoma karatasi mara mbili.

"Inasema niligeuza bila amri."

"Iko karatasi tu. Komanda ameahidi."

"Maman, ulikuwa pale."

"Nilikuwa. Saini, mutoto yangu. Mukubwa ameahidi, usimukasirishe tena."

Lydie aliomba kalamu. Alisaini haraka, na chakula hakukigusa.

Siku kumi na tano zikawa miezi miwili, halafu ikaja siku ya tribunal. Karatasi ilisomwa ya kwanza. Mahakamani Lydie aliikana, akasimama akasema kila kitu kama kilivyokuwa: aliona mitumbwi, alimwambia komanda, komanda akatoa amri, akaitii. Jaji akamwita Cyprien. Cyprien akasema alikuwa anaangalia simu yake, hakusikia kitu. Alipopita karibu na Bibiane mlangoni alinong'ona, "Maman, niko na batoto bane."

Wageni wa ile ofisi hawakuja kusema, ikachezwa video ya Déborah tu. Ilianza pale simu ilipoinuliwa. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Bibiane: unanipatisha haya mbele ya bantu. Kicheko. Halafu, wazi kama kengele, Lydie: gauche dix. Ya komanda haikusikika, moteur ilikuwa imeimeza.

Stanislas alisimama na kusema kwamba kwenye meli yake mtu wa usukani akiona hatari lazima aseme. "Njo kitu ya kwanza ninafundishaka," akasema. "Ninawaambia, msiniogope."

Bibiane akaomba kusema. Alisema komanda ndiye aliyetoa amri, yeye aliisikia kwa masikio yake.

Jaji akamwuliza, "Maman, hii sauti ya mwanamke mzima ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hii inayosema gauche dix?"

"Ya mutoto yangu."

"Ya komanda iko wapi?"

"Yeye anasemaka chini chini."

Watu wakacheka. Jaji akawanyamazisha, akamwangalia tena. "Binti yako anasema mitumbwi ilionekana wazi. Wewe ulikuwa umeketi pale mbele. Uliiona?"

Hapo Bibiane angeweza kusema ndiyo. Neno moja. Lakini aliona swali litakalofuata, kwamba kama uliiona, mbona ulimnyamazisha mtoto. Aliwaona wajane wa wale ndugu wameketi kwenye benchi ya nyuma na vilemba vyeusi. Aliona polisi mlangoni.

"Hapana," akasema. "Sikuona kitu."

Avoka, wakili wa komanda, akainuka pale pale, bila haraka. "Radar haikuona kitu. Maman hakuona kitu. Komanda naye hakuna aliyemwambia kitu. Mutu mumoja tu kwenye meli yote alijua bale bantu biko pale, na anakubali mwenyewe, amesema mbele yenu. Na ni yeye aligeuza meli kwenda kwao."

Bibiane alifungua mdomo. Jaji akamwambia akae.

Lydie alipewa miaka minane. Siku ile ya hukumu komanda alimsalimia Bibiane kwa mikono miwili, akamwambia pole, maman, akapanda gari lake. Jumapili iliyofuata Nyenyezi ilitoka kama kawaida na watu wa harusi, na kwenye usukani alisimama kijana mwingine, Josué, ambaye anaitika haraka sana.

Bibiane aliruhusiwa kuingia gerezani wiki ya tatu. Alibeba bugali na sambaza za kukaanga, akafika kwa mlinzi ndipo akatambua alichopika, akataka kuirudisha, lakini mlinzi alikuwa ameshaipokea na kuifunua. Lydie alikuja amenyolewa. Waliketi kwenye benchi moja, na Bibiane ndiye aliyekuwa anasema: habari za mtaa, habari za shule, ya kwamba anatafuta avoka mwingine, ya kwamba ataandika kwa askofu. Lydie alisubiri amalize.

"Maman, niulize kitu kimoja."

"Uliza, mutoto yangu."

"Ulibaona?"

Bibiane akaangalia mikono yake. Ilikuwa na mafuta ya samaki.

"Nilibaona," akasema. "Mumoja alikuwa anachota maji na kopo."

Lydie akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anajua. Akasimama, akamwambia mlinzi kwamba muda wao umeisha. Ulikuwa bado nusu. Mlinzi akamwangalia Bibiane, akamwangalia Lydie, akafungua mlango. Sahani ilibaki kwenye benchi, na kuanzia siku hiyo, kila Bibiane anapofika getini na kutaja jina la binti yake, wanaingia ndani kuuliza, wanarudi wanamwambia kwamba Lydie amekataa kutoka.