Ng'ombe wa Kodi ya Uchakavu

Siku waliyomchukua Gati, mama yake, Kezia, alisonga ugali ambao haukuliwa na mtu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika zizini tangu juzi yake. Kilichobaki kuondoka pale kijijini Matongo kilikuwa mtu.

Yote yaliletwa na gari. Waitara, mume wake Kezia, aliagiza gari aina ya Noah kutoka Japani ipakie abiria wa Mugumu na Tarime, na kwa makusudi akachagua iliyo kuukuu kuliko zote. Maisha yake yote yalikuwa mnadani, na mnadani ng'ombe aliyeisha meno hushuka bei na ushuru wake huwa mdogo. Akajua na kodi itakuwa hivyo hivyo. Gari lilipofika Dar, wakala wa forodha akapiga simu.

"Shikamoo mzee. Gari lako lina kodi ya uchakavu. Ni ya mazingira hiyo. Likizidi umri, linalipa zaidi."

"We mura, we kijana! Kuukuu ndiyo ilipe zaidi? Umeona wapi ng'ombe kibogoyo akauzwa bei ya mtamba?"

"Hili halichinjwi, mzee. Linatoa moshi. Na likiendelea kulala bandarini, unalipia malazi."

Kezia alimsihi. "Baba Gati, liache lipotee. Mtoto amepata chuo cha uuguzi."

"Chuo hakihami," Waitara akajibu. "Gari litapigwa mnada."

Ndipo akapatikana Deus wa Nyambureti, mzee aliyekwisha kuzika wake wawili. Siku ya kumtoa Gati, mshenga wake alimzunguka binti akimkagua, kisha akasema, "Huyu bado mpya, hana kodi ya uchakavu!" Boma zima likacheka.

"Na bwana harusi je?" Kezia akauliza. "Yeye bandarini alipitaje?"

Wakacheka zaidi. Waitara alicheka mpaka akakohoa. Gati peke yake hakucheka. Alimtazama mama yake, na mama yake akageukia chungu.

Ng'ombe wakauzwa, kodi ikalipwa, Noah ikaja.

Mwaka uliofuata, uchungu wa kuzaa ulimshika Gati siku ya mnada wa ng'ombe. Deus akampigia Waitara simu, gari limkimbize hospitali Mugumu, mtoto amekaa vibaya.

"Limejaa mpaka mlangoni," Waitara akasema. "Nikishusha hawa nakuja. Uzazi wa kwanza huchelewa, hata mama yake alichelewa."

Alishusha, akapakia wengine waliokuwa wakirudi, akawashusha na hao. Alipofika Nyambureti, wanawake walikuwa wameshaanza kulia. Akakunja viti vya nyuma ili mwili ulale. Kichanga kilifunikwa kanga moja na mama yake.

Sasa ukoo wa Deus unasema ng'ombe wao hawakuwazalia kitu. Warudishwe, au mdogo wake Gati aende kushika nyumba ya dada yake. Ng'ombe hawapo. Waitara amesema gari haliuzwi.

Nice, huyo mdogo, anamaliza darasa la saba mwezi wa tisa.