Shuka Mara Kumi na Moja

Zamani Kariakoo ukitaka barua iliyonyooka, jibu lilikuwa moja: nenda Mtaa wa Sikukuu, steshenari ya Jitendra, muulize Mama Vitalis. Barua ya kuomba kazi, ya kumjibu mwenye nyumba aliyekutukana, kadi ya harusi, ratiba ya mazishi, zote zilipita kwenye vidole vya mwanamke yule. Jina lake hasa Scholastika, Mmakua wa Masasi, mjane. Kiti kile alikikalia tangu mwaka themanini na saba, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye meza na mwavuli akajiita mkurugenzi. Alianza na taipureta, akahamia kwenye kompyuta, na hadi mwaka ule wa elfu mbili na sita hakuna aliyemfikia kwa kasi. Parokiani kwao walimwita Mama Kompyuta, naye aliitika kwa madaha, tena msimcheke.

Alikuwa na desturi yake moja. Ukimpa karatasi uliyoiandika kwa mkono, haipokei. Anakuambia, "Nisomee, mwanangu," macho kayaelekeza ukutani, wewe unasoma na vidole vinakwenda. Ukifika kwenye nukta ya mwisho, naye kafika. Watu walidhani ni maringo ya fundi. Kumbe, jamani, Mama Vitalis alikuwa haoni.

Si kwamba alikuwa kipofu wa fimbo. Mtu akisimama mlangoni alimwona, kikombe mezani alikiona akikitazama kwa upande. Lakini katikati ya macho palikuwa na doa, na maandishi madogo yote yaliishia humo, mwaka wa nne sasa. Daktari alishamwambia miwani haitafua dafu. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliyakumbuka ya Hyasinta, mwenzake wa zamani wa kiti cha pili. Hyasinta alikuja kazini siku moja na miwani mizito kama kitako cha glasi, na mwisho wa mwezi uleule Jitendra akamwambia akapumzike. Sasa anauza karanga sokoni Mchikichini. Mama Vitalis akaapa kwamba yeye unga wake haumwagiki namna hiyo.

Akaishi kwa kuhesabu. Kwenye kompyuta alijua kila kitu kwa idadi: bonyeza hapa, shuka na mshale mara kumi na moja, enta mara mbili, karatasi inatoka. Kusevu mara tano. Kufungua mara mbili. Skrini ikiandika jambo geni na mtu akamuuliza inasemaje, jibu alikuwa nalo mfukoni: "Kiingereza hicho, baba, mimi sikijui. Mimi ni mpiga chapa." Nani angemshangaa? Nusu ya Kariakoo haikijui.

Mwezi wa tatu akaja Amit, mpwa wa Jitendra, mtoto wa Upanga aliyetoka kusomea kompyuta Pune, India. Mama Vitalis ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake kwenye taipureta akiwa na miaka mitano, kampakata. Siku zile palivuma kwamba wakaguzi wanapita madukani kusaka programu za kunakili, na flashi za wateja nazo zilikuwa zimejaa virusi. Amit akamwambia mjomba wake, "Anko, kuna mfumo wa bure kabisa. Umetengenezwa na watu wa dunia nzima, kila mtu na mchango wake. Hauna virusi, hauna mkaguzi. Na ni rahisi, hata mtoto anautumia." Jitendra alisikia neno bure, mengine hakuyasubiri.

Rahisi! Rahisi kwa nani? Siku mbili nzima printa ilikaa kimya, Amit kainamia skrini nyeusi anaandika mambo yake ya herufi nyeupe, wateja wamejaa mlangoni kama wanasubiri maiti. Herufi za maua za kadi za harusi zilipotea, jina la bwana harusi likamwagikia karatasi ya pili. Barua ukiibeba kwa flashi hadi ofisi nyingine, inafunguka maboksi matupu, na mtu akirudi kulalamika, Amit anamjibu kwamba kosa ni la ile ofisi. Na kuprinti ndiyo usiseme. Usipochagua printa kwa jina lake kwenye orodha, mashine inakuambia tayari, halafu karatasi haitoki. Imeiprinti wapi? Anajua yeye Amit na hao wenzake wa dunia nzima.

Kwa Mama Vitalis, hesabu zote zilikufa kwa siku moja. Ile kumi na moja ilimpeleka asikokujua. Siku tatu alijikaza kisabuni, akisingizia kichwa, akisingizia presha. Ya nne akamvuta Victoria nyuma, penye mashine ya fotokopi, akamwambia ukweli.

Victoria ndiye aliyekalia kiti cha Hyasinta, mwanamke wa miaka thelathini, mama wa watoto wawili. Alipoingia pale alikuwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja, na Mama Vitalis ndiye aliyemtoa gizani. Kusikia habari ile alilia, akamshika mikono. "Mama, siri yako ni yangu. Nitakuhesabia upya." Na kweli alimhesabia. Kuprinti ilirudi kuwa kumi na moja, kisha ruka moja, shuka mbili, enta. Wiki mbili baadaye Mama Vitalis alikuwa amerudi kwenye kasi yake, na kila siku akimwombea Victoria.

Kisha Jitendra akawaita wote wawili. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hakuwahi kumfokea mtu dukani. Alisema siku hizi watu wana kompyuta zao, kazi imepungua, viti viwili ni vingi. "Jumamosi kila mmoja ataandika barua moja ya mteja, ataiprinti mwenyewe, Amit asimsaidie. Atakayeshindwa, basi, tutaagana vizuri." Mama Vitalis alicheka moyoni. Kwa kasi, Victoria hakuwa hata nusu yake, na alimwonea huruma kabisa.

Jumamosi asubuhi mteja wa kwanza alikuwa Eliakimu, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu wa kelele ambaye hata salamu anaitoa kama anafukuza mwizi. Kontena lake lilikuwa limekwama, na barua ilitakiwa ifike kabla ya saa sita. "Nisomee, baba," alisema Mama Vitalis. Eliakimu akasoma, vidole vikakimbia. Dakika tatu hazikuisha. Watu walioegemea kaunta wakatikisa vichwa, na mmoja akasema huyu mama ni mashine yenyewe.

Akashuka mara kumi na moja. Akaruka moja, akashuka mbili, enta. Akaelekeza sikio kwenye printa.

Kimya.

Akarudia. Kwenye skrini pakachomoza kiboksi, akakiona kama kitambaa cheupe kilichoanikwa.

"Aa, Mama Vitalis, sijakuambia!" Ni Amit huyo, yuko nyuma ya kiti, sauti imejaa furaha. "Jana jioni nimeweka toleo jipya. Wamepanga upya kila kitu, na lote ni Kiswahili! Si kila siku unasema Kiingereza kinakusumbua? Sasa basi, soma tu."

Kiswahili. Miaka minne Kiingereza kilikuwa ndilo blanketi la Mama Vitalis, na kijana huyu kalivuta mchana kweupe, mbele za watu, huku anatabasamu.

"Soma, Mama. Hapa kwenye kidole changu pameandikwaje?"

Kidole alikiona. Mbele ya kidole aliliona doa lake. Akabahatisha. "Chapisha."

Mtu akacheka kaunta. "Pameandikwa Funga," alisema Amit, furaha imeanza kumtoka. "Na hapa?"

"Mama, soma bwana, Kiswahili hicho!" Eliakimu akapaza sauti. "Lugha unayomtukania mumeo inakushinda?"

Mume mwenyewe yuko makaburini, lakini nani alijali. Mama Vitalis akabonyeza enta ili ile sauti inyamaze. Kiboksi kikauliza jambo, akabonyeza tena, na barua ikatoweka yote, mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Eliakimu alipiga ukunga kama kaibiwa. "Ndiyo maana nisomee, nisomee! Kumbe mpiga chapa mwenyewe hajui kusoma!" Loo, walivyocheka. Walicheka waliokuwa ndani, wakacheka wa barazani, muuza mashuka wa jirani akaja mbio kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akashika mbavu. Watu aliowaandikia barua za kuombea kazi wanazozifanya hadi leo, hao hao.

Neno lilimfika kwenye ulimi: ni macho. Angelisema tu, na kicheko kingekatika. Lakini alimwona Hyasinta na karanga zake. Akafumba mdomo, aibu ikamchoma hadi masikioni.

"Mimi nilitaka kumsaidia," Amit alimwambia mjomba wake, karibu na kulia. "Victoria mwenyewe alinishauri. Aliniambia, mwekee Kiswahili Mama Vitalis, ndicho kitakachomsaidia. Si ulisema, Viki?"

Mama Vitalis aligeuza shingo. Kwa pembe ya jicho alimwona Victoria amekaa wima, mikono juu ya kibodi.

"Ndiyo," alisema Victoria. "Nilisema." Na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Zamu ya Victoria ilichukua robo saa. Alikosea mara mbili, akakwama kwenye neno moja la skrini na kuuliza, "Mwoneko ndio mdudu gani?" na watu wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Barua ya Eliakimu, aliyoiandika upya, ikatoka. Akaondoka nayo mbio, hajaaga.

Saa nane, foleni ikiwa bado imeshikana, Jitendra alikuja na karatasi mkononi, akainama kwenye kiti cha Mama Vitalis. "Kuna barua moja ya duka. Victoria ana wateja, naomba uniandikie wewe."

"Nisomee, bosi."

Jitendra akakohoa. "Kwa Bi Scholastika Nandonde."

Vidole vilisimama juu ya herufi. Kisha vikaandika. Jitendra alisoma polepole, naye aliandika kwa kasi ya kusoma kwake, tarehe, anwani, yote. Walipofika kwenye kichwa cha habari, alimkatisha.

"Yah, kuachishwa kazi, au kusitishwa ajira, bosi?"

"Ipi nzuri?"

"Ya Hyasinta tuliweka kusitishwa."

Aliijua kwa sababu ile nayo aliiandika yeye, kwenye kiti hiki hiki, na hakumwambia Hyasinta neno kwa siku tisa, wanakula muhogo wa saa nne pamoja. Alifikiri leo angalau atie makosa, aandike jina vibaya, barua iwe takataka. Vidole vikakataa. Havikujua kuandika vibaya.

Ilipokwisha, Victoria alikuja, akainama juu ya bega lake, akabonyeza mara chache, na printa ikatema karatasi bila taabu. Jitendra akaipitia kwa macho. "Hakuna kosa hata moja," alisema, na alimaanisha. "Saini, Mama."

Mama Vitalis aliishika karatasi, ikiwa bado ina joto, akamnyooshea Victoria.

"Nisomee."

Victoria akamtazama Jitendra, Jitendra akatazama chini. Foleni yote ikasogea kusikiliza. Basi akasoma, kuanzia jina hadi tarehe, na pale penye kutakiwa maisha mema sauti yake ikapasuka. Mama Vitalis alisubiri hadi amalize.

"Haya. Nionyeshe pa kusaini."

Victoria akamshika kidole, akakiweka juu ya mstari. Mama Vitalis akasaini, akachukua mkoba wake uliokuwa umening'inia nyuma ya kiti, akatoka akipapasa ukingo wa kaunta. Alikuwa hajamaliza ngazi za baraza aliposikia kiti chake kikivutwa, kisha Victoria akimwambia mteja aliyefuata, "Nisomee, kaka."