Tairi za Kwenda kwa Kina Brenda

Sifael wa Rau alikuwa na ugonjwa ambao hata duka la dawa la mtaani kwao halikuwa na kidonge chake: aliota akiwa macho. Ukimpa chai atakodolea mvuke mpaka chai ipoe, kisha anywe huku akisema safari ilikuwa nzuri. Kwa hiyo siku alipokwenda kuchagua tairi za Landrova yake, nyumbani hawakuthubutu kumwacha aende peke yake. Walimtuma na Basili, rafiki yake tangu kidato cha kwanza, ambaye kazi yake ilikuwa kumpiga kofi la begani kila macho yake yakianza kwenda mbali.

Sababu ya tairi ilikuwa Brenda. Jumamosi ya wiki ile Sifael alitakiwa kupeleka mapipa mawili ya mbege, pombe ya ndizi, kwa kina Brenda, Kirua Vunjo, ili wazee wanywe, ndipo wakubali kuzungumza habari za posa. Mapipa mawili, siyo moja na nusu. Shangazi Dominika alishachemsha ndizi, na Ijumaa angetia kimea cha ulezi. Mbege ikishatiwa kimea haina habari za "nisubiri, nakuja". Kesho yake inanyweka, wiki ikiisha ni siki. Na tairi za Landrova zilikuwa vipara kiasi kwamba inzi akitua, anateleza.

Duka la Melkior lilikuwa Himo, tairi zimepangwa mpaka darini, nyeusi, zinanukia mpira mpya. Sifael alivuta pumzi moja na kuondoka. Mwili ulibaki palepale mlangoni.

Aliweka kiganja kwenye tairi ya lami, laini kama shavu. Akasikia mvumo mwembamba, akaona barabara nyeusi imenyooka kati ya mashamba ya mkonge, jua limelala juu yake. Tamu, lakini haikupanda mlima. Akashika ya pili, ile wanayoiita ya njia zote. Hapo ndoto ilikuja ya kawaida kabisa: lami kidogo, changarawe kidogo, udongo, kuku akavuka, basi. Sifael akaondoa mkono kabla haijaisha.

Kisha akagusa ya matope. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, zilikuwa nene kama vipande vya sabuni ya mche. Na hapo, Mungu wangu! Ukungu ulishuka kutoka mlimani, migomba ikapisha njia, Landrova ikatokea humo ikinguruma kama kifaru aliyeoga, Brenda akasimama mlangoni amejishika kifua, wajomba zake wote wakavua kofia.

"Hizi," alisema Sifael kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Kijana, huko unakopanda kuna matope?" aliuliza Melkior.

"Yapo."

"Yapo kichwani mwake, mzee," alisema Basili. "Mvua haijanyesha tangu wiki jana."

Melkior alipiga ile ya kati kwa kisigino. "Chukua hii. Kutoka Rau mpaka hapa ni lami, ukipanda huko ni changarawe na udongo. Kashata zake zimekaribiana, zinashika bila kuchimba. Hiyo uliyoikumbatia inatafuna ardhi."

"Mangi, chifu wangu, unaenda kuoa au kulima?" Basili alimuuliza Sifael.

Lakini Sifael alishakuwa ndani ya ukungu wake. Zikafungwa za matope, zote nne.

Jumamosi walipita Himo tairi zikivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Shangazi Dominika, aliyekaa nyuma amekumbatia mapipa kama wajukuu, alipiga kelele, "Sifa! Hili gari lako limemeza mashine ya kusaga?" Sifael hakusikia. Kwa mbali, ukungu wa kweli ulikuwa unashuka kutoka mlimani, mweupe na mzito kama maziwa yanayomwagwa taratibu. Uliifunika migomba na mikahawa. Ukaifunika njia. Ilikuwa ndoto yake vilevile, sasa ina baridi na inanukia majani mabichi.

Kabla ya kufika kwa kina Brenda, njia inavuka mfongo, ule mfereji wa zamani unaoteremsha maji ya mlima kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Magari huvuka hapo polepole, juu ya mawe, kama mtu anayemruka mtoto aliyelala. Sifael alimwona Brenda mlangoni, kama alivyoagiza ndotoni, na akakanyaga mafuta.

Kashata ziling'ata. Zikang'ata tena. Ukingo wa mfongo ukamomonyoka wote kama ugali usioiva, na maji yakageuza njia, yakaelekea barabarani yakicheka.

Wazee walitoka ndani na makoti yao ya sherehe. Mbele alikuwa Babu Aristides, babu yake Brenda, ambaye pia ndiye mkuu wa mfongo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hizo ni tairi, au majembe manne?"

Sifael aligeuka kuutazama ukingo uliobomoka. Alijua desturi, kila mtoto wa mlimani anaijua: anayebomoa mfongo anauziba kwa mikono yake, na anawapa watu wa mfongo pipa la mbege. Awe padri, awe mkwe mtarajiwa, hakuna msamaha wa pipa.

Akavua viatu, akakunja suruali ya suti, akaingia majini. Alikata vigogo vya migomba, akapanga mawe, akashindilia udongo kwa majani. Wazee walikaa ukingoni wakinywa faini yake kwa kata ya kibuyu na kumwelekeza. "Hapo kushoto panavuja, bwana harusi."

"Babu Aristides," alijaribu Basili, "mbege si inaingia matumbo yaleyale? Ihesabike faini na posa kwa pamoja."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Babu hakucheka sana. "Tumbo ni lilelile, kijana. Lakini hii tumekunywa ya maji. Ya binti hatujaionja."

"Na labda tusiionje," alisema mjomba mmoja mwenye kofia. Hakuwa ameivua. "Mtu anayeingia nyumbani kwa watu kwa kubomoa, kesho atabomoa nini?"

Sifael alitazama mikono yake yenye tope na kwa mara ya kwanza siku ile hakuota chochote.

Ndipo Brenda alipokuja kando ya uzio wa mimea ya masale, akachuma jani moja refu, akamwekea kwenye kiganja. "Mpe babu," alinong'ona. "Na usisinzie njiani."

Sifael alilishika jani la sale kwa mikono miwili, akapiga goti kwenye maji. "Babu, nisamehe."

Jani hilo, ambalo Wachaga huombea msamaha, halikataliwi. Babu Aristides alilipokea, akalipangusa tope kwa kidole gumba. "Njoo Jumamosi ijayo na mapipa mawili mapya. Hili lililobaki mpe Mama Gladness wa pale chini, leo ilikuwa zamu yake ya maji. Na hayo majembe yako usije nayo."

Jumanne Sifael alikuwa Himo. Melkior alitabasamu kwa upande mmoja. Sifael akaweka kiganja kwenye tairi ya njia zote, na ndoto ikaja ileile: lami kidogo, changarawe kidogo, udongo, kuku akavuka. Safari hii hakuondoa mkono. Akamsubiri kuku apite. Nyuma ya kuku palikuwa na uzio wa masale, na mtu amesimama.

"Umeona nini?" Basili aliuliza.

"Kuku."

"Afadhali."

Jumamosi ukungu ulishuka tena. Landrova ilifika kwenye mfongo bila makelele, ikavuka juu ya mawe kama inatembea kwa vidole. Sifael alisimamisha gari na kurudi kutazama. Ukingo ulikuwa mzima. Kwenye udongo laini zilibaki alama za kashata, ndogondogo, na maji yalikuwa yakipenya taratibu kuzijaza, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na kipande chake cha anga.

"Sifa!" aliita Shangazi Dominika kutoka nyuma. "Mbege inachacha!"

Mlangoni, mjomba mwenye kofia aliivua, akajipepea nayo, akasogea kusaidia kushusha pipa la kwanza.