Matete Yaliyopinda

Desemba 1994 nilirudi Mnyambe kutoka shule ya bweni ya Chidya kwa likizo, nikamkuta baba akilinda mpaka. Jirani yetu wa upande wa juu, Mama Agatha, alikuwa amepanda mstari wa matete kukatiza mteremko. Mstari ulipinda, ukaingia shambani kwetu hatua tatu.

"Tangu wanunuzi binafsi waanze kugombea korosho, watu wamekuwa wajanja," baba alininong'oneza. "Leo matete, kesho mikorosho yangu ni yake."

Kwetu anayepanda ndiye mwenye ardhi. Nilikwenda kufanya uchunguzi.

"Shikamoo, Mama Agatha. Mbona matete yako yamelewa?"

"Marahaba. Yanafuata mlalo wa ardhi, Reginald. Nazuia maji yasibebe udongo hadi kisima cha mama yako."

Kisima hicho cha saruji, kilichochimbwa ardhini, kilikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, nasi tuliyanywa hadi kiangazi. Yeye kinamhusu nini? Nilizidi kushuku. Alipokwenda sokoni Newala, nilichukua kamba na vigingi, nikang'oa sehemu iliyopinda na kuipanda juu ya mpaka, imenyooka kama wanafunzi kwenye paredi. Nilijipongeza kwa niaba ya taifa.

Siku ya tatu mvua ilinyesha mchana kutwa. Maji yalikusanyika kwenye matete yangu, ambayo hayakuwa yameshika mizizi, yakapasua njia na kuteremka na udongo mwekundu hadi kisimani. Mama alichota ndoo moja. Ilikuwa uji.

"Ametuelekezea maji!" baba alifoka. "Twende kwake, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji!"

Mama Agatha hakubishana. Alituongoza hadi palipobomoka. Mashina machache yalikuwa yamebaki, yamesimama sawasawa, yameachana futi moja moja.

"Baba Reginald, mkulima gani wa hapa anapanda matete kwa rula?"

Baba aliyatazama mashina. Kisha akavitazama vidole vyangu, vilivyochanjwachanjwa na majani ya matete. Nilivificha mfukoni kwa heshima kubwa, ila nilikuwa nimechelewa.

Likizo yote iliyobaki, asubuhi nilizoa matope kisimani, mchana nikabeba maji kichwani kutoka mbali, jioni nikapanda matete yaliyopinda. Baba alisimama nyuma yangu akihesabu hatua tatu ndani ya shamba lake mwenyewe. Nilipojaribu kuiba nusu hatua, alikohoa.