Sura ya Tisa Haimo

"Watu mia na arobaini na mmoja, Dada! Wote hao wameandika mpishi atolewe. Wote vichaa, mwenye akili ni wewe peke yako?"

"Sijasema vichaa. Nimesema uliwauliza swali la kijinga."

Kitinda alibwaga rundo la kadi za maoni juu ya meza, zikateleza mpaka kwenye kibodi. Dada akazisukuma kwa kiwiko. Walikuwa wakizozana tangu saa tatu asubuhi, na chai zao zilishaota utando. Chumba cha kuhariria kilikuwa na viti viwili, skrini tatu na dirisha lililobandikwa karatasi nyeusi. Mtu akipayuka humo, sauti inamrudia mwenyewe usoni.

"Swali gani la kijinga?"

Dada alichomoa kadi moja. "La nne. 'Taja sehemu unayotaka itolewe.' Hapana nafasi ya kusema hakuna. Halafu ukamweka bawabu mlangoni, asiyejaza yote hatoki. Watu wamekaa saa tatu kasoro, mkojo umewabana, ulitegemea waandike nini? Wameandika lililowajia kwanza."

"Mbona basi hawakuandika pigano la korongoni litolewe?"

Dada aliirudisha kadi kwenye rundo.

Filamu ilitokana na kitabu cha baba yao, marehemu, mwalimu wa shule. Wanaume kumi na wawili na mpishi mmoja wa kike wanavuka jangwa la chumvi kutafuta msafara uliopotea. Kwa miaka arobaini kila mtoto wa shule alikuwa amekisoma, apende asipende. Kitinda ndiye aliyeiongoza filamu, Dada akaihariri. Jumamosi mchana walikodi ukumbi wakawaonyesha watu mia mbili na kumi na wawili, ili wasikie wanasemaje kabla ya kuifunga kazi.

Wakasikia. Mmoja aliandika kwamba kitabuni kovu la nahodha liko shavu la kushoto, nani kalihamisha? Mwingine alisema ngamia wameigiza vizuri kuliko watu. Wa tatu alisema alichapwa viboko sita kwa sababu ya kitabu hiki, na sasa roho yake imetulia. Lakini wengi walimwandama mpishi. "Anachosha." "Amekaa tu." "Yule dada mzuri amekuja kutafuta mume jangwani?"

Dakika kumi na moja za mpishi ndizo sura ya tisa ya kitabu. Mkataba ulisema hakuna sura itakayotolewa nzima bila sahihi ya mjane wa mwandishi. Kitinda alikwisha kumpigia Mama simu aje saa tano. Dada hakubabaika. Alijua Mama hatatia sahihi, na alijua kwa nini, ila Kitinda hakujua.

Mwaka ule Baba alipougua homa ya matumbo, Kitinda alikuwa bado wa kubebwa. Dada alikuwa na miaka kumi. Mchapishaji alikuwa akituma barua kila wiki, na Baba hata kijiko hawezi kukishika. Mama, karani wa posta, akirudi kutoka kazini alikaa mezani na daftari, akaandika. Dada aliiona ile sura ikizaliwa ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko mnyoofu wa kujazia fomu. Kitabu kilipotoka kilikuwa na jina moja juu.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mama aliingia na mkoba wake kwapani, akatazama viti, akamtazama Kitinda. Kitinda akasimama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mnasikika mpaka kwenye ngazi. Hamna haya?"

"Mama, huyu anataka mpishi atolewe," Dada alisema. "Mwambie mwenyewe hapana, tuendelee na kazi."

"Nitamwambiaje hapana?" Mama aliketi. "Na mimi nimeandika atolewe."

"Umeandika wapi?"

"Kwenye kadi. Jumamosi nilikuwepo, kiti cha nyuma kabisa. Bawabu wenu alinikazia kalamu kama askari."

Kitinda alicheka kwa nguvu, akajipiga kofi pajani. "Haya! Mia na arobaini na moja, na Mama yumo!"

"Funga mdomo. Sijafika kwako." Mama alimgeukia bintiye. "Yule ni nani uliyeniwekea pale?"

"Ni mpishi, Mama."

"Mpishi gani ana wanja siku ya tisa jangwani? Mpishi wa kitabuni anakalia viriba vya maji kutwa na usiku kucha ili wanaume wasivimalize. Midomo imempasuka, ananuka, anawatukana, nahodha akisogea anamtwanga upawa. Wako anatazama jua likizama. Nywele zinapepea. Zumari linalia. Tena chozi! Chozi la maji gani, na maji ni ya kugawa kwa kifuniko?"

Dada aligeukia skrini. Picha zile zote alizichagua yeye. Zilikuwepo nyingine. Mwigizaji alikaa juani kutwa nzima bila kupakwa kitu, akapaza sauti mpaka ikakauka. Dada alizitazama, akaona zinatisha, akaziweka kando.

"Nilitaka upendeze, Mama."

"Nani alikuomba nipendeze?"

Kitinda alitazama huku na huku. "Apendeze nani? Kwani mpishi anamhusu nini Mama?"

Mama aliuweka mkoba mapajani. Kisha akamwambia, kwa maneno machache na sauti ileile ya dirisha la posta: homa, wiki sita, daftari, sura ya tisa. Kitinda akarudi kukaa taratibu.

"Na Baba hakusema?"

"Alisema atalitaja jina langu kwenye toleo la pili. Yametoka kumi na saba."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuwa na watoto wa kusomesha, na kitabu ndicho kilisomesha. Jina nilinyang'anywa, nikameza. Nikasema, angalau yule mwanamke yumo, yuko kama nilivyomtaka. Sasa na yeye mmenitwalia, mkaniletea bibi harusi. Na aliyefanya hivyo si baba yenu. Ni wewe, binti yangu."

Dada alishika kipanya. "Nitarekebisha. Nitatafuta zile picha nyingine..."

"Zilifutwa," Kitinda alisema polepole. "Mwezi uliopita. Diski ilijaa, ukaniambia nifute ulizokataa."

Ni kweli, alimwambia. Hata siku aliikumbuka.

Mama alifungua mkoba akatoa kalamu. "Basi atoke. Afadhali asiwepo kuliko awe yule. Nitatia sahihi, ila mwanzoni, kabla ya jina la baba yenu, muandike hivi: sura ya tisa ya kitabu hiki iliandikwa na mimi, na haimo katika filamu hii. Majina yangu yote matatu."

"Mama!" Kitinda aliruka. "Watu watasemaje? Baba ataonekanaje?"

"Ataonekana aliumwa. Kuumwa ni aibu?"

"Na hiyo miaka arobaini?"

"Hiyo atajibu mwenyewe aliko. Mimi nimechoka kumjibia."

"Tusubiri japo tuzungumze na mwenye kampuni ya filamu..."

"Saa hizi," Mama alisema. "La sivyo naondoka na kalamu yangu, na bibi harusi wenu abaki, mchekwe nchi nzima."

Kitinda alimtazama dada yake, akingoja asimame upande wake, kama walivyozoea kufanya Mama akikaza. Dada alikuwa amekwisha kuvuta kibodi. Alitia alama mwanzo wa sura, akatia alama mwisho wake, akabonyeza. Dakika kumi na moja zikaondoka, jangwa la siku ya nane likaungana na la siku ya kumi. Akarudi mwanzo kabisa, kwenye weusi wa skrini kabla ya jina la Baba, akaandika mstari ule. Majina ya Mama aliyaandika kama yalivyo kwenye kitambulisho, yote matatu.

"Soma," Mama alimwambia Kitinda.

Kitinda alisoma. Alipofika kwenye "haimo" alikosea, akarudia.

"Hifadhi," Mama alisema.

Dada akahifadhi. Mama akavuta mkataba, akatia sahihi, akamrudishia Kitinda karatasi bila kumtazama bintiye, akatoka.