Msumari wa Wifi

Wivu wa fundi haukuanzia hospitali, tusimsingizie daktari wa watu. Ulianzia dirishani. Mama mkwe wake alikuwa na chumba kimoja cha biashara ng'ambo ya ua, mlango unaangalia barabara, na chumba chenyewe kina dirisha moja tu. Humo fundi alishona magauni kwa cherehani yake ya kukanyaga, na humo humo wifi yake, dada wa mumewe, alisuka nywele. Dirisha lilikuwa upande wa wifi. Fundi alilitaka kwa ajili ya mwanga, maana kupitisha uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi gizani ni kujitafutia upofu. Wifi naye hakuwa tayari kuliachia, kwa sababu wapita njia walikuwa wakichungulia, wanaona kichwa kimesukwa kikasukika, wanaingia.

Miaka saba hawakutukanana hata siku moja. Mama mkwe hakupenda kelele. Walichofanya ni kusukuma kabati. Kabati la vitambaa ndilo lililokuwa mpaka kati yao, na anayewahi asubuhi alilisogeza kiganja kimoja kuelekea kwa mwenzake, kisha anakaa kama hajui lolote. Kesho yake mwenzake anawahi, anarudisha kiganja kimoja na nusu.

Siku moja wakafika pamoja.

"Wifi, hebu nikusaidie, limekaa vibaya hili."

"Aa, usijisumbue wifi yangu, acha nikusaidie mimi."

Huyu kavuta, yule kavuta, wote wanatabasamu meno thelathini na mawili, na kabati nalo likachoka na unafiki wao. Liliwaangukia wote wawili. Fundi alivunjika muundi wa mguu wa kulia, wifi wa kushoto. Na msemo wa wahenga, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama mkwe aliutumia wiki nzima bila kuupumzisha.

Wodini walilazwa vitanda vinavyotazamana. Daktari wa mifupa, mtu mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, alikuja na picha zao za eksirei, akaziinua kwenye mwanga, moja mkono huu, nyingine mkono ule.

"Mfupa huu una uvungu ndani, kama mwanzi," alimwambia fundi. "Wa wifi yako umekatika katikati. Nitapitisha chuma kirefu ndani yake, msumari kwa lugha yetu, kuanzia hapa gotini hadi chini. Unashika juu, unashika chini, na uzito unaubeba wenyewe. Keshokutwa atakanyaga."

"Na mimi?"

"Wewe umevunjika chini kabisa, juu kidogo ya kifundo, tena vipande vitatu. Huko msumari haupati pa kushika vizuri. Nitafungua ubavuni, nipange vipande kimoja kimoja, nivibane kwa bamba la chuma na skrubu. Lakini bamba linashikilia tu, halibebi. Ukilikanyaga kabla mfupa haujaunga, linapinda. Wiki sita, mama, mguu huo usiguse chini."

"Kipi bora?" fundi akauliza.

"Kila mvunjiko una tiba yake."

"Sikukuuliza hivyo, daktari. Nimekuuliza kipi bora."

Daktari akacheka. "Wewe si fundi? Mteja mnene na mteja mwembamba unawakatia gauni moja?"

Jibu zuri, mtu mwingine lingemtosha. Fundi yeye alisikia neno moja tu: keshokutwa. Wifi keshokutwa, yeye wiki sita! Alasiri hiyo akamwona mumewe amesimama ukumbini na daktari, vichwa vimekaribiana, wananong'ona, na mume anaonyesha kidole wodini. Basi, kwisha habari. Alijua hapo hapo kwamba msumari ulikuwa mmoja, na kaka mtu amemwombea dada yake. Damu nzito kuliko maji, na mke ni maji. Roho ilimuuma kuliko mguu, na mguu ulikuwa unauma si mchezo.

Walipotoka chumba cha upasuaji, wifi keshokutwa yake ilifika kweli. Alishuka kitandani na magongo, uso umemkunjamana, akapiga hatua nne mpaka kwenye kitanda cha fundi. "Habari za asubuhi, wifi," alisema. Fundi aliitikia huku anatazama ukuta.

Siku ya kuruhusiwa, mama mkwe alikaa kati ya vitanda viwili na kanga yake imefungwa kiunoni, jambo ambalo nyumbani kwao lilimaanisha hukumu.

"Nimewachoka. Nyinyi watu wazima mnasukumana kama mbuzi. Basi sikilizeni. Atakayeingia dukani wa kwanza kwa miguu yake, hakubebwa, hakushikwa mkono, dirisha ni lake. Na asisogeze mtu kabati tena mpaka naingia kaburini."

"Lakini mama," fundi alisema, "mwenzangu anatembea tayari!"

"Mimi nimesema."

Hukumu gani hiyo, jamani! Hata hivyo wifi alinyamaza, hakushangilia, na kunyamaza kwake kukamtia fundi hasira zaidi. Anayeshangilia walau unaweza kumsonya.

Nyumbani fundi aliwekwa sebuleni, mguu juu ya mto. Kutoka kwenye kiti chake aliuona ua wote na mlango wa duka uliofungwa. Alikuwa amezihesabu hatua zamani: arobaini na mbili, pamoja na kizingiti. Na kila siku alimwona wifi akizunguka ua ule kufanya mazoezi, magongo mawili, baadaye gongo moja, baadaye fimbo. Mume wake alitembea nyuma ya dada yake akimpa moyo, "Haya, haya, taratibu." Fundi akageuza uso. Kwake yeye mume alileta chai na dawa, akamsogezea mto, akamuuliza kama anaumwa. Fundi alijibu siumwi. Chai ikapoa.

Usiku na mchana alifanya ulinganisho ule ule. Wifi ana kidonda kidogo gotini, yeye kovu refu kama zipu. Wifi analala atakavyo, yeye mguu juu. Wifi ana mume? Hana. Basi mbona amechukua na wa mwenzake? Ndiyo, mawazo yalifika huko. Wivu ukishapata kiti hauulizi saa.

Alichokuwa hakielewi ni kwa nini wifi haendi dukani. Wiki ya pili angeweza. Wiki ya tatu angeweza akiimba. Aliufikia mlango wa duka, akaugusa, akageuka. Fundi aliona ni dharau: ananichezea, kama paka na panya. Ananionyesha kwamba dirisha ni lake, anajichagulia siku tu.

Wiki ya nne, wakati wa chakula cha mchana, wifi alisema huku akimtazama kaka yake, "Kesho nitafungua duka." Kaka mtu akatabasamu. Mama mkwe akatazama sahani yake. Wote watatu, fundi alihisi, wamekula njama, na njama yenyewe ni yeye.

Baada ya chakula nyumba ililala, kama ilivyo kawaida ya nyumba ile. Fundi alisikiliza mkoromo wa mama mkwe ukapanda, ukatulia. Akaweka mguu chini.

Hakikuuma kitu. Hapo ndipo alipodanganyika. Alisimama, akakanyaga, akaona bamba linamshika barabara, akasema moyoni, msumari kitu gani? Alifika mlango wa sebule kwa magongo yake mawili, kisha akakumbuka hukumu ilisema miguu, na akaona kuingia na magongo kutampa wifi pa kubishania. Akayaegemeza ukutani. Akaanza kuhesabu.

Kumi, bila tatizo. Ishirini, jasho. Hatua ya thelathini kitu kilisema ta! ndani ya mguu, sauti ndogo kama kifungo kinachokatika, na maumivu yakapanda mpaka kwenye taya. Angekaa chini pale pale, tungeandika habari nyingine. Lakini alimfikiria wifi na fimbo yake, akauma kanga, akaendelea. Thelathini na tisa. Arobaini. Alisukuma mlango, akavuka kizingiti kwa kukishika, na akawa ndani, wa kwanza, kwa miguu yake!

Cherehani yake ilikuwa dirishani.

Imefutwa vumbi, imetiwa mafuta, uzi mweusi umeshatungwa kwenye sindano. Kisanduku cha chaki kulia, mkasi kushoto, kama anavyoviweka mwenyewe. Kiti chake kilikuwa na mto mpya, na mbele yake kigoda cha kuegeshea mguu. Kabati limesukumwa mpaka ukuta wa pili, na huko, upande wa giza, kimeegemezwa kioo cha wifi na kitana chake.

Fundi alikaa kwenye kiti chake, dirishani kwake, akalia kwa sauti mpaka nyumba nzima ikaamka.

Wifi ndiye aliyefika mbele, fimbo imesahaulika. Aliuona mguu, umeinama pasipostahili, akajishika kichwa.

"Wifi! Umetembea? Mungu wangu, umetembea!"

"Nimefika wa kwanza," fundi alisema katikati ya kilio, kwa sababu hakuwa na kingine cha kusema.

"Wa kwanza wa nini? Kaka ndiye aliyesukuma kabati jana ulipolala. Mimi sijakanyaga humu. Nilikuwa nakusubiri wewe! Kesho tulitaka tukusukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni, hatua moja tukuachie kwa magongo, useme umeingia. Mama alikubali."

"Na ule msumari? Mume wangu hakukuombea?"

Mume alikuwa amefika, anahema. "Kuomba msumari? Nilimuuliza daktari kama mguu wako utakuja kukanyaga cherehani. Akaniambia utakanyaga, ukitulia wiki sita."

Wifi akainama amshike, akashindwa, akaguna na kushika goti lake. "Halafu unanionea wivu mimi," alisema. "Goti langu tangu walipopitishia huo msumari halikunjiki vizuri, nikipiga magoti machozi yananitoka. Mteja wa kukaa chini nimsukeje? Huko gizani angalau pana nafasi ya kiti kirefu, nisuke nimekaa. Ni mimi niliyekuwa nakutazama wewe, mguu wako umetulia juu ya mto, magoti yako mazima."

Siku ya pili daktari aliinua picha mpya. Bamba limepinda, skrubu mbili zimekatika. Hakufoka. Alifungua upya, akaweka bamba jingine, na akasema kwa sauti ile ile ya kubembeleza kwamba mfupa utaunga, ila kifundo hakitakunja tena kama zamani. Mama mkwe, aliyekuwa amejiandaa na msemo wake wa guu, alimtazama mkwewe usoni, akaumeza.

Mguu ulichukua miezi mitano. Siku ya kwanza fundi kurudi dukani, jua limejaa dirishani, alijaribu kukanyaga pedeli. Mguu wa kulia ulisukuma, ukagoma nusu njia. Akajaribu wa kushoto. Gurudumu likarudi kinyumenyume, likakata uzi. Alijaribu tena na tena mpaka wifi akaburuta kiti chake kutoka upande wa giza, akakaa ubavuni, akaingiza mguu wake wa kulia, ule usio na msumari, chini ya meza.

"Shika kitambaa," alisema.

Wakashona hivyo, fundi mikono, wifi mguu. Nje alipita mwanamke na kapu, akachungulia, akaita, "Msusi, hujambo!" Fundi hakusalimiwa. Kitu kilimchoma kifuani, kile kile cha miaka saba, wala hakikuwa kimepungua sana. Wifi alimpungia yule mteja mkono, akanogewa, akaongeza kasi, mshono ukaanza kwenda upande.

"Taratibu, wewe!" fundi alifoka. "Unakimbilia wapi?"

Wifi aliusimamisha mguu. Akamgeukia, akamtazama kuanzia usoni mpaka chini kwenye kile kifundo.

"Wifi yangu," alisema, "wewe ndiye wa kuniuliza?"